Kutafuta Punje Shingoni: Picha za Tezi za Parathairoidi Kabla ya Upasuaji

Nahodha Charles Martell, baharia wa meli za biashara wa Marekani, alikuwa na kimo cha karibu sentimita 185 kabla maradhi hayajamwanza. Katika muda wa miaka michache mifupa yake ililainika na kuvunjika kwa sababu ndogo ndogo, uti wa mgongo ukapinda, figo zikafanya vijiwe, na kimo kikapungua kwa zaidi ya sentimita 15. Mwaka 1926 madaktari wa New York na Boston walikuwa wameshang'amua kwamba chanzo cha yote hayo ni tezi ndogo za shingoni ziitwazo parathairoidi, zilizokuwa zikifanya kazi kupita kiasi. Ambalo hawakuweza kulijua ni mahali ilipokuwa tezi yenye kasoro. Kati ya mwaka huo na 1932 nahodha alipasuliwa mara saba. Mara sita shingo yake ilipekuliwa bila mafanikio. Mara ya saba, baada ya yeye mwenyewe kusoma vitabu vya anatomia na kuwahimiza madaktari watazame kwingine, kifua kilifunguliwa, na uvimbe wenye upana wa kama sentimita 3 ukapatikana umejificha nyuma ya mfupa wa kidari.

Lau nahodha huyo angeingia leo katika hospitali yenye vifaa kamili, yaelekea uvimbe wake ungeonekana kabla ya kisu cha kwanza. Hata hivyo hakuna picha hata moja inayoziona tezi hizi kila mara, na kila aina ya picha inamwona mtuhumiwa kwa jicho lake: moja hutazama umbo, nyingine hutazama ulaji wa chembe hai, nyingine mwendo wa damu. Mgonjwa anayetumwa kupiga picha mbili au tatu za shingo ile ile ana haki ya kuuliza kwa nini moja haikutosha.

Tuanze na tezi zenyewe. Watu wengi wana nne, mbili kila upande, zimeegemea mgongo wa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo ambayo ikivimba huitwa rovu. Jina parathairoidi maana yake ni kando ya thairoidi, na ujirani huo ndio undugu wao wote, kwa kuwa kazi zao hazihusiani. Kila tezi ina ukubwa wa punje ya mchele, uzito wa miligramu 30 hadi 50, na rangi ya manjano inayoelekea kahawia ambayo haitofautiani sana na mafuta yaliyoizunguka. Ndiyo maana maiti zilichunguzwa kwa karne nyingi bila mtu kuzitambua. Richard Owen aliiona kwanza katika mzoga wa kifaru wa India aliyefia kwenye bustani ya wanyama ya London, na ni mwaka 1880 tu ambapo Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala nchini Uswidi, alizieleza kikamilifu kwa binadamu.

Kazi yake ni kusimamia kalsiamu ya damu. Kalsiamu ikishuka, tezi hutoa homoni inayoiamuru mifupa iachie akiba yake, inayozizuia figo zisiimwage kwenye mkojo, na inayoichochea vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi. Kalsiamu ikipanda, tezi hunyamaza. Ugonjwa huanza pale tezi moja inapoacha kusikia, ikaendelea kutoa homoni ingawa kalsiamu imeshajaa. Kati ya wagonjwa 100 wa aina hii, 80 hadi 85 wana uvimbe mmoja usio wa saratani uitwao adenoma, kundi dogo wana tezi mbili mbovu au zote nne zimenenepa, na wenye saratani hawafiki hata mmoja. Hesabu hiyo ndiyo inayoipa picha thamani yake, kwani kama aghalabu kosa ni la tezi moja, kuijua mapema kunaokoa upekuzi wa zile tatu zisizo na hatia.

Kuna jambo moja ambalo lisipoeleweka, mengine yote huharibika: ugonjwa huu hugunduliwa kwa damu. Kalsiamu iliyopanda pamoja na homoni ya parathairoidi iliyopanda, au ambayo haikushuka ilhali ilipaswa kushuka, ndiyo hukumu. Kabla ya kutajwa picha yoyote, daktari mwangalifu huuliza dawa anazotumia mgonjwa, kwa kuwa lithiamu na baadhi ya vidonge vya kuongeza mkojo huweza kuiga hali hii. Hupima vitamini D na kazi ya figo. Na hupima kalsiamu ya mkojo ili kuwatenga watu wa familia chache waliorithi kipimo cha juu cha kalsiamu ambacho upasuaji hauwezi kukirekebisha. Picha huja baadaye, hukumu ikishatolewa, ikiulizwa swali moja tu: mhalifu anakaa wapi? Nimeona watu wakisherehekea picha safi kana kwamba wamepona, na wengine wakiogofywa na doa lililoonekana shingoni ilhali damu yao haina tatizo. Wote wawili wameiuliza picha swali lisilo lake.

Zamani swali lenyewe halikuwa na uzito mkubwa. Mpasuaji alifungua shingo pande zote mbili, akazitazama tezi zote nne kwa macho, akatoa iliyovimba. Njia hiyo, mikononi mwa mzoefu, huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, na ndiyo sababu John Doppman, mtaalamu wa radiolojia wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alisema katika miaka ya 1980, kwa utani uliobeba ukweli, kwamba kitu pekee cha kutafutiwa mahali kwa mgonjwa ambaye hajawahi kupasuliwa ni mpasuaji mzoefu. Mambo yalibadilika ilipowezekana kuingia kwa mkato mfupi upande mmoja tu, kutoa tezi iliyokwisha kujulikana, na kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Upande usioguswa ni upande ambao neva ya sauti, inayopita nyuma kabisa ya tezi ya thairoidi, haijahatarishwa. Bila picha inayoaminika, upasuaji wa namna hiyo ni kubahatisha.

Ugumu wa kutafuta una mizizi tumboni mwa mama. Kijusi kikiwa na wiki chache tu, tezi hizi huota katika mikunjo ya koo, kisha husafiri kushuka. Jozi ya juu hutokana na mkunjo wa nne na husafiri safari fupi, hivyo makazi yake hutabirika, isipokuwa ikivimba huweza kuporomoka kwa uzito wake nyuma ya umio kuelekea kifuani. Jozi ya chini hutokana na mkunjo wa tatu, ikiwa imeshikamana na thaimasi, tezi ya kinga ambayo makao yake ni kifuani. Kwa kawaida parathairoidi huachana na mwenzake inapofika chini ya thairoidi. Isipoachana, huburutwa hadi kifuani, mara nyingine hadi karibu na moyo, kama ilivyomtokea nahodha Martell. Ikichelewa kuondoka, hubaki juu karibu na pembe ya taya. Nyingine hujichimbia ndani ya nyama ya thairoidi, nyingine hujipenyeza kwenye ala ya mshipa mkubwa wa shingoni, na wapo watu wenye tezi tano au zaidi. Msomaji wa picha anayetazama nyuma ya thairoidi peke yake amepekua chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba vingi.

Kipimo cha kwanza kwa kawaida ni altrasaundi, ambacho ni nafuu, hakina mionzi na kinapatikana hata katika hospitali nyingi za mikoa. Parathairoidi yenye afya haionekani, lakini iliyovimba hujitokeza kama yai dogo jeusi nyuma ya thairoidi iliyo na rangi ya kijivu inayong'aa. Mtaalamu akiwasha kipimo cha mtiririko wa damu, mara nyingi huona mshipa mmoja mnene ukiingia kwenye ncha ya yai hilo, ilhali tezi ya limfu hupokea damu yake kupitia kitovu chake cha katikati. Alama hiyo ndogo hutatua mashaka mengi. Faida nyingine ni kwamba thairoidi yenyewe huchunguzwa papo hapo, ili kama ina kinundu kinachotia shaka kishughulikiwe katika upasuaji ule ule. Udhaifu wake ni kuwa mawimbi ya sauti hayapenyi hewa wala mfupa. Tezi iliyo nyuma ya koromeo au chini ya mfupa wa kidari haitaonekana hata kwa mashine ya bei kubwa kuliko zote. Tena matokeo hutegemea mkono ulioshika kifaa: anayezitafuta tezi hizi kila wiki na anayezitafuta mara moja kwa mwaka hawaoni kitu kimoja.

Picha ya pili hufanywa katika kitengo cha tiba ya nyuklia, na hapa ndipo mantiki inapopendeza zaidi. Mgonjwa huchomwa sindano ya sestamibi, kemikali iliyofungamanishwa na tekinetiamu-99m, isotopu inayotoa mionzi ya gama na kupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa 6. Dawa hii ilitengenezwa kwa ajili ya kuchunguza moyo, na mwaka 1989 ndipo ilipobainishwa katika maandishi kuwa hujikusanya pia katika parathairoidi zilizovimba. Sestamibi ina chaji chanya, nayo huvutwa na mitokondria, vinu vya nishati vya chembe hai ambavyo ndani yake kuna chaji hasi. Adenoma nyingi zimejaa chembe zenye mitokondria tele, kwa hiyo huibugia dawa. Tatizo ni kwamba thairoidi nayo huinywa. Ufumbuzi ulitokana na muda, kwa kuwa thairoidi huiachia dawa upesi ilhali adenoma huishikilia. Kamera ya gama hupiga picha dakika 10 hadi 15 baada ya sindano, mji mzima ukiwa umewaka taa, kisha hupiga tena baada ya kama saa 2, nyumba zote zikiwa zimezima na moja imesahau.

Ikiwa mashine inaweza kuizunguka shingo na kuunganisha picha hiyo na ya CT, yaani eksirei inayouonyesha mwili kipande kwa kipande, doa hupata anwani kamili yenye kina, upande na kimo. Vituo vingine hutumia njia ya kutoa: dawa ya pili inayoingia thairoidi peke yake hupigwa picha, kisha kompyuta huiondoa thairoidi katika picha ya sestamibi na kuacha kilichobaki. Kwa kuwa kamera hutazama shingo na kifua kwa pamoja, tezi iliyopotelea kifuani haikwepi kirahisi. Makosa yake nayo yanajulikana. Kinundu cha thairoidi huweza kushikilia dawa na kujifanya adenoma. Tezi ndogo sana, au yenye mitokondria haba, hupita bila kuonekana. Zaidi ya yote, mgonjwa ambaye tezi zake zote nne zimenenepa kidogo kidogo huweza kutoa picha isiyo na doa lolote, au, jambo la hatari zaidi, picha yenye doa moja lililo kubwa kuliko wenzake, ikamdanganya mpasuaji kwamba kazi ni ya tezi moja.

Niongeze neno la pembeni kuhusu tekinetiamu. Isotopu hii hukamuliwa hospitalini kutoka kwenye jenereta yenye molibdenamu-99, ambayo nayo hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa 66, hivyo jenereta haiwezi kuwekwa stoo kusubiri wagonjwa. Molibdenamu yenyewe hutoka katika vinu vichache vya nyuklia duniani, kimojawapo kikiwa cha Pelindaba nchini Afrika Kusini. Mwaka 2010 kinu cha Kanada na kile cha Petten, Uholanzi, vilipofungwa kwa wakati mmoja, hospitali nyingi duniani ziliahirisha vipimo. Kwa kitengo cha Afrika Mashariki kinachopokea jenereta kwa ndege, safari moja iliyofutwa huweza kuwa na athari ile ile kwa wiki nzima.

Aina ya tatu inaitwa CT ya pande nne, na upande wa nne ni wakati. Ilielezwa mwaka 2006 na madaktari wa Houston, Marekani. Shingo hupigwa picha kabla ya dawa ya kontrasti, ile inayochomwa mshipani ili damu ing'ae katika picha, kisha ndani ya sekunde 25 hadi 30 dawa ikiwa kwenye mishipa inayotoka moyoni, kisha tena inapokuwa imefika kwenye mishipa ya kurudi. Katika picha ya kwanza thairoidi hung'aa yenyewe kwa sababu ya madini joto iliyojiwekea, na parathairoidi hubaki hafifu. Katika ya pili adenoma huwaka ghafla, kwa kuwa hupata damu nyingi, na katika ya tatu hufifia mapema, ilhali tezi za limfu huchukua dawa taratibu bila haraka. Mbio hizo tatu zikilinganishwa, hata tezi ya milimita chache hujitambulisha, na mpasuaji huona vilevile mishipa na mifupa inayoizunguka. Gharama yake ni mionzi mingi zaidi inayoifikia thairoidi, jambo la kufikiriwa sana kwa kijana, na kontrasti yenyewe haifai kila mwenye figo dhaifu.

Ya nne, na kwa maoni yangu itakayochukua nafasi kubwa miaka ijayo, ni PET ya kolini, picha inayofuatilia mahali dawa yenye mionzi inapojikusanya mwilini. Kolini ni malighafi ya utando wa chembe hai, na ikiwekewa florini-18 ilitumika kufuatilia saratani ya tezi dume. Mapema katika miaka ya 2010 iliripotiwa kuwa wanaume waliopimwa kwa sababu hiyo walionekana na doa shingoni ambalo halikuhusu saratani yao, na lilipochunguzwa likawa adenoma ya parathairoidi. Tangu hapo imeonekana kuwa kipimo hiki huikuta tezi katika zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100, wakiwemo wengi ambao altrasaundi na sestamibi zilitoka patupu. Lakini florini-18 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya dakika 110, kwa hiyo saiklotroni inayoitengeneza haiwezi kuwa mbali. Nairobi tayari ina saiklotroni na mashine za PET, na hilo ni jambo kubwa kwa eneo hili. Hata hivyo kuwa na mashine ni nusu ya safari, kwani kolini lazima itengenezwe kwa ajili yake na mtu awepo wa kuilipia. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku bila mionzi, hutumika mara chache zaidi, hasa kwa mjamzito ambaye mionzi inamhofisha daktari wake, au baada ya upasuaji ulioshindwa.

Kwa nini basi zisipigwe zote? Kwa sababu nguvu ya ushahidi hutokana na mashahidi wawili wasiofanana wanaotaja mahali pamoja. Altrasaundi ikiona yai jeusi chini ya thairoidi upande wa kushoto, na sestamibi ikiwaka pale pale, mpasuaji anaweza kuingia upande mmoja kwa moyo mtulivu. Zikipingana, au zikinyamaza zote, kituo chenye uwezo huongeza CT ya pande nne au kolini, na kisicho nacho hurudi kwenye njia ya zamani ya kufungua pande zote mbili. Kuchoma sindano kwenye tezi inayoshukiwa ili kuvuta chembe zake hakushauriwi kwa kawaida, kwa maana chembe zinaweza kumwagika zikaota, na kovu huifanya tezi ionekane kama saratani chini ya darubini.

Hata picha zikikubaliana, shahidi wa mwisho husubiriwa kwenye meza ya upasuaji. Homoni ya parathairoidi hudumu muda mfupi sana katika damu, ikipungua kwa nusu kila baada ya dakika 3 hadi 5. Damu huchukuliwa kabla ya tezi kutolewa na tena dakika 10 baadaye. Homoni ikiwa imeshuka kwa nusu au zaidi, mkato hufungwa. Isiposhuka, ipo tezi nyingine ambayo picha haikuisema, na upekuzi unaendelea.

Picha iliyotoka patupu haimnyimi mgonjwa haki ya kupasuliwa. Uzoefu wa vituo vingi unaonyesha kosa linalojirudia: mtu ana kalsiamu ya juu, ana vijiwe kila mwaka, mifupa inapungua, lakini picha haikuonyesha kitu, basi anaambiwa arudi baada ya mwaka. Picha patupu humwambia mpasuaji kwamba tezi huenda ni ndogo au ni zaidi ya moja, na kwamba operesheni hiyo apewe mwenye uzoefu mkubwa zaidi. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu wako katika kundi lao, kwani kwao tezi zote hunenepa kwa kuchochewa kwa muda mrefu na mpasuaji anajua tangu mwanzo kwamba atazitazama zote. Picha humsaidia zaidi kujua kama kuna ya tano iliyojificha kifuani.

Mahali pekee ambapo picha huwa sharti kwa wote ni kabla ya upasuaji wa pili. Shingo iliyokwisha kufunguliwa ina makovu, neva ya sauti imebadilisha njia machoni mwa mpasuaji, na tezi nzima zilizobaki huenda ni chache. Hapo hakuna anayeingia kabla picha mbili hazijakubaliana, na zisipokubaliana, mrija mwembamba hupitishwa kutoka kinenani hadi mishipa ya shingo na kifua ili damu ichotwe sehemu mbalimbali na kuona ni mshipa upi unaobeba homoni nyingi zaidi. Martell aliingia katika operesheni yake ya pili, ya tatu na kuendelea bila lolote kati ya hayo. Katika ile ya saba madaktari waliacha makusudi kipande cha uvimbe pamoja na mshipa wake wa damu, wakihofia kalsiamu isianguke ghafla. Ilianguka hata hivyo, kwa kuwa mifupa yenye njaa ya miaka mingi iliinyonya yote. Nahodha alifariki wiki chache baadaye, baada ya operesheni nyingine ya kumwondolea kijiwe kilichokuwa kimekwama katika njia ya mkojo.